Facebook ya wanachuo: yanayosemwa na yaliyokuwepo

Kuna stori nyingi za mwanzo wa Facebook zinazunguka na nyingine si kweli, wacha nizinyooshe.

Inayosikika sana ni eti Mark Zuckerberg, mwanafunzi wa Harvard aliyeianzisha Facebook, ndo alibuni mitandao ya kijamii. Hapana. SixDegrees ilikuwepo tangu 1997, Friendster ikavuma 2003, MySpace ikaja mwaka huohuo. Hata vyuoni hakuwa wa kwanza, Stanford walishakuwa na Club Nexus 2001 na wanafunzi wa Columbia walikuwa na CUCommunity yao kabla thefacebook, jina la kwanza la Facebook, haijafunguliwa chuoni Harvard tarehe 4 Februari 2004. Na ile Facemash, tovuti ya Zuckerberg ya 2003 ya kushindanisha sura za wanafunzi, ilikuwa kitu kingine, siyo Facebook, ilifungwa ndani ya siku chache tu.

Halafu wanasema ilisambaa kwa sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Aisee, ilikuwa kinyume kabisa! Bila barua pepe ya Harvard huingii, na bado ndani ya mwezi mmoja zaidi ya nusu ya wanafunzi wa digrii ya kwanza pale walishajiunga. Muda mfupi baadaye wakafungua Columbia, Stanford na Yale, na kila chuo kilikuwa na uwanja wake, profaili ya mtu wa chuo kingine huioni yote mpaka muwe marafiki. Mimi naona nguvu yao ilikuwa hapo, ukifungua unakutana na watu wa bweni lako na darasa lako, kwa majina yao halisi, wakati MySpace mtu anajiita anavyotaka. Na haikuwa kazi ya Zuckerberg peke yake. Dustin Moskovitz, aliyekuwa anakaa naye bwenini, ndo alibeba kazi kubwa ya kuongeza vyuo, maana kila chuo kipya lazima ujue barua pepe zao zinaandikwaje, uingize mabweni, uingize orodha ya kozi, ndo ufungue. Hivyohivyo mpaka mwisho wa 2004 wakafika watu milioni 1. Sekondari waliingia Septemba 2005, watu wengine wote kuanzia miaka 13 Septemba 2006.

Wengine wanadhani ilikuwa kama ya sa hivi. Wapi! Laiki imekuja 2009, na kabla ya Oktoba 2005 ulikuwa na picha moja tu, ya profaili. Ukitaka habari za mtu unaenda mwenyewe kwenye profaili yake.

Na hii ya kwamba wanachuo wale hawakujali faragha yao ndo inaniudhi zaidi, kwa sababu Septemba 2006 ilipoletwa News Feed, ambayo ilikuwa inamwaga mambo ya kila mtu mbele ya marafiki zake wote, walikuja juu kwelikweli, kundi la kupinga lililoanzishwa na mwanachuo likakusanya watu laki kadhaa ndani ya siku chache, mpaka Zuckerberg akaomba radhi hadharani na wakaongeza seting za kuficha mambo yako, ingawa News Feed yenyewe hawakuiondoa.