MRI ya moyo baada ya mshtuko: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Moyo umebaki asilimia 30." Maneno haya yakitoka wodini huzunguka ukoo mzima kabla ya jioni, na kila anayeyapokea huhesabu kwamba asilimia 70 ya moyo imekufa. Sivyo. Namba hiyo ni kiasi cha damu ambacho chumba cha chini cha kushoto hukisukuma nje kwa pigo moja, kati ya damu yote iliyokijaza. Hakuna moyo unaosukuma yote. Wa mtu mzima mwenye afya husukuma asilimia 55 hadi 70 hivi. Kwa hiyo 30 ni udhaifu mkubwa unaohitaji matibabu, ila haipimi ni moyo kiasi gani umebaki.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kipimo cha siku za mwanzo baada ya mshtuko wa moyo, yaani msuli wa moyo kukosa damu ghafla, ndiyo hukumu. Msuli uliokosa damu kwa muda unaweza kuwa hai lakini umekufa ganzi: mshipa umezibuliwa, damu imerudi, nao bado haujikunji. Hurudia kazi yake polepole, kwa siku na wiki. Ndiyo maana miongozo ya madaktari inataka zipite angalau siku 40 tangu mshtuko, au miezi mitatu hivi kama mishipa ilizibuliwa, moyo upimwe tena, ndipo iamuliwe kama mgonjwa apandikizwe kifaa cha kushtua moyo ili kumkinga na kifo cha ghafla.

Kwenye eko ya kawaida, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, msuli uliokufa na ule wenye ganzi unaweza kuonekana vilevile: hausogei. MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndiyo inayoitenganisha. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye madini ya gadolini, husubiriwa dakika 10 hadi 20, kisha hupigwa picha. Seli hai haziruhusu dawa hiyo kuingia ndani yake. Penye seli zilizopasuka, au penye kovu, dawa hujaa na kukawia kutoka, na pale pakang'aa peupe. Mwaka 2000 Raymond Kim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliopigwa picha kabla ya kurudishiwa njia ya damu kwa upasuaji au kwa puto la kupanua mshipa. Sehemu za msuli zilizokuwa dhaifu lakini bila weupe wowote, asilimia 78 ziliimarika. Zile ambazo weupe ulichukua zaidi ya robo tatu ya unene wa ukuta zilikuwa 58, na iliyoimarika ni moja.

Hapo ikazaliwa imani nyingine: kila palipo hai pakizibuliwa, mgonjwa atapona. Utafiti wa REVIVED wa Uingereza, uliotoka 2022, ulichukua wagonjwa 700 wenye moyo dhaifu sana kwa sababu ya mishipa kuziba, na wenye msuli ulio hai bado. Kundi moja liliwekewa stenti, vijibomba vya waya vinavyoshikilia mshipa ukae wazi, pamoja na dawa, lingine lilipewa dawa peke yake. Vifo na kulazwa hospitali kwa sababu ya moyo kushindwa kazi havikutofautiana. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wingi wa msuli hai haukutabiri nani angenufaika na stenti. Ukubwa wa kovu ndio uliokwenda sambamba na hali mbaya. Wagonjwa hao si wale walioshikwa na mshtuko leo, ambao mshipa wao ulioziba unapaswa kufunguliwa haraka. Lakini mwenye moyo uliodhoofika siku nyingi akiambiwa "endelea na dawa", asidhani ametelekezwa.

"Ana stenti, asikaribie sumaku." Dhana hii huwanyima watu kipimo bure. Stenti za mishipa ya moyo ni salama kwenye mashine za tesla 1.5 na tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na tangu 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba hakuna haja ya kusubiri wiki kadhaa baada ya kuwekwa. Vinavyopaswa kutajwa mapema ni betri ya moyo (kifaa cha kuendesha mapigo), hasa ya zamani, klipu ya mshipa wa ubongo, na chembe za chuma machoni kwa waliowahi kufanya kazi ya kuchomelea. Betri nyingi za sasa zinaruhusu MRI kwa masharti. Nenda na kadi yake.

Mionzi? MRI haina ile ya eksirei.

Hofu ya gadolini kwa figo ina chanzo cha kweli. Mwaka 2006 dawa hizo zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Zinazotumika zaidi sasa hushikilia gadolini kwa nguvu, na hatari imekuwa ndogo mno. Hata hivyo mwenye figo dhaifu aseme kabla ya sindano.

Wengine hutarajia MRI iwaonyeshe mshipa ulioziba. Hiyo ni kazi ya picha za katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, au za CT, eksirei ya kompyuta. Na katheta ikikuta mishipa iko wazi, isisemwe kwamba maumivu yalikuwa ya kufikirika: MRI inaweza kukuta mshtuko wa kweli, au msuli uliovimba kwa virusi, au moyo uliolegea ghafla baada ya msiba. Kovu la mshtuko huanzia upande wa ndani wa ukuta. La uvimbe mara nyingi hukaa katikati au nje.

Wala asiyeipata MRI hajakosa matibabu. Eko hufika hadi kitandani, bei yake ni nafuu, na ndiyo inayoanza kila mahali. MRI huombwa pale eko haionekani vizuri, bonge la damu likishukiwa ndani ya moyo, au mishipa ikikutwa wazi. Dawa hazisubiri foleni yake.