Mafua yameisha, mbona miguu inaisha nguvu?

Mtu anaumwa mafua makali au anaharisha siku nne tano, anapona, anarudi kazini. Wiki mbili baadae anaamka vidole vya miguu vina ganzi, anajisemea labda nimelala vibaya, kesho yake ngazi zinamshinda, keshokutwa akichuchumaa chooni hawezi kunyanyuka, na hapo ndo ndugu wanaanza kuulizana nani kamfanyia hivi.

Sisi tunaoona wagonjwa wa mishipa ya fahamu, swali letu la kwanza wala haligusi miguu, tunauliza mwezi huu uliumwa nini? Watu wengi hawaoni uhusiano wowote, ila kama theluthi mbili ya wenye tatizo hili waliugua kitu kingine kwanza. Unaitwa ugonjwa wa Guillain-Barré, majina ya madaktari wa Ufaransa ambao mwaka 1916 pamoja na mwenzao Strohl walielezea ugonjwa wa wanajeshi wawili waliopooza ghafla.

Inakuwaje sasa? Kirusi kikiingia, kinga ya mwili inatengeneza askari wa kukitambua kwa sura yake ya nje, na kuna vijidudu sura yao inafanana sana na vitu vilivyopo juu ya mishipa yetu wenyewe. Adui kashaisha lakini askari bado wapo doria, wakikutana na sura ile ile kwenye mshipa wanaanza kuushambulia. Chukulia waya wa umeme uliobanduliwa plastiki yake, ubongo unatuma ujumbe ila mguuni haufiki. Ndo maana antibayotiki hazirudishi nguvu za miguu, hapo anayepiga ni kinga yako mwenyewe.

Wanaohusishwa ni wengi, virusi vya mafua makali, saitomegalo, Epstein-Barr, Korona, na bakteria mmoja wa kuku asiyeiva vizuri anaitwa Campylobacter ambaye kwa kweli ndo kinara. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni Zika, kirusi kinachoenezwa na mbu, kilichogunduliwa 1947 kwa nyani wa utafiti kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda. Kilipolipuka visiwa vya Polinesia ya Ufaransa 2013 hadi 2014 wakapatikana wagonjwa 42 wa Guillain-Barré, na 41 kati yao damu ilionyesha wamekutana na Zika. Hata hivyo usiogope kila mbu, makadirio ya pale yalikuwa kama watu 24 kwa kila 100,000 walioambukizwa, kwa hiyo kirusi kinawasha tu moto kwa wachache na kwanini wao na sio wengine bado ni utafiti.

Kinachotuumiza roho ni wanaochelewa. Wanapewa vidonge vya vitamini B dukani, wanachuliwa mafuta, siku zinaenda na udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda mikononi mpaka kifuani. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne anahitaji mashine ya kupumulia! Ukiona mtu miguu imelegea na hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, maji yanampalia, au kichwa hakinyanyuki kwenye mto, usisubiri kuche, mpeleke hospitali yenye ICU usiku huo huo. Tiba ipo, ama dripu ya immunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya watu wengine) ama kuchuja plazma, yaani yale maji maji ya damu, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ni ghali, sitawaficha, lakini vidonge vya steroidi ambavyo wengi wanapewa kama mbadala wa bei nafuu kwa ugonjwa huu havisaidii.

Akiwa mtoto chini ya miaka 15 mtaombwa kinyesi mara mbili ndani ya siku 14 tangu alegee, mama usikasirike, ni lazima ihakikishwe sio polio maana kwa macho vinafanana.

Wengi, kama 8 kati ya 10, ndani ya miezi 6 wanatembea wenyewe. Uchovu na ganzi ya nyayo ndo vinakawia kuondoka, yaani mtu anaweza kuonekana mzima kabisa na saa nane mchana akawa hoi kitandani, kwahiyo nyumbani na kazini msimwite mvivu, mpeni muda alale.