Kona za Kitonga hazizimi mwanga

Abiria mwenzangu kwenye basi la Mbeya aliniuliza kama faiba, uzi wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, hailegei nguvu kwenye kona za mlima Kitonga barabarani. Hapana. Hata ungeitandaza kona zote zile, mwanga usingejua kama umepinda. Kona inayouumiza ni ndogo kuliko kopo la soda: faiba ya kawaida isikunjwe chini ya nusukipenyo cha sentimita 3.

Kioo chenyewe hakina ulafi. Mwaka 1966 wahandisi Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba uchafu ndani ya kioo ndio unaomeza mwanga, na kwamba upotevu ukishuka hadi desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 20 kwa kilomita, faiba itafaa kwa mawasiliano. Kampuni ya Corning ya Marekani ilishuka chini ya hapo mwaka 1970. Leo ni takribani desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, yaani baada ya kilomita 15 nusu ya mwanga bado ipo. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo njia ndefu kama hiyo huhitaji vikuza mwanga, vyenye faiba iliyotiwa erbiamu, aina ya metali.

Kazi yenyewe iko kwenye mikunjo. Kiini cha faiba kina upana wa maikromita 9 hivi, na mwanga hubaki humo kwa sababu kioo kinachokizunguka kimetengenezwa tofauti kidogo ili kiurudishe ndani. Waya ukibanwa kwenye chemba, shimo la kuungia waya, au udongo wa mteremko ukihama baada ya mvua zetu hizi, faiba inabaki nzima lakini mwanga unavujia pembeni. Mteja atasema mkongo umekatwa. Haujakatwa.

Hapo ndipo OTDR, mashine ya kupima faiba, inapofaa. Inarusha mapigo ya mwanga, inasikiliza kiasi kidogo kinachorudi, na muda wa kurudi unatoa umbali. Mimi hupima kwa nanomita 1310, kisha 1550. Kiungo kibaya, yaani pale faiba mbili zilipounganishwa, hupoteza karibu sawa kwenye vipimo vyote viwili. Mkunjo hupoteza zaidi kwenye 1550, maana mwanga wa wimbi refu hutanda zaidi nje ya kiini na ni rahisi kutoroka. Fundi anayepima wimbi moja tu anabahatisha, na mara nyingi ataishia kukata na kuunga upya mahali ambapo palihitaji kulegezwa tu.

Usichimbe bado, lakini. Kilomita zinazoonekana kwenye skrini ni za kioo, si za barabara: ndani ya waya faiba ni ndefu kidogo kuliko waya wenyewe, na kwenye chemba huachwa mizunguko ya akiba. Kosa la asilimia moja tu kwenye kilomita 40 ni mita 400 za kuchimba shamba la viazi la mtu. Tafuta kiungo cha karibu unachokijua kwenye ramani, kisha uhesabu kuanzia hapo.