Ea klina iliyojificha: kwa nini kwenye minivan inasumbua

Fundi akikwambia "ea klina imechoka", anazungumzia chujio la hewa ya injini: karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi, yenye ukingo wa raba kuizunguka, inayokaa ndani ya boksi la plastiki. Umbo lake la kawaida linaweza kukudanganya. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa; yaani kwa kila lita moja ya mafuta, injini inavuta takriban lita 9,000 za hewa. Zote hizo zinapita kwenye kile kikaratasi. Mikunjo ipo ili karatasi kubwa ienee kwenye nafasi ndogo.

Usiichanganye na chujio la kiyoyozi, linalosafisha hewa ya abiria na mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Hilo likichafuka utasikia harufu, basi. La injini likipitisha vumbi, chembe za mchanga huingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kusaga kama msasa. Huoni kitu siku hiyo wala mwezi huo. Baadaye gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na wakati huo hakuna anayekumbuka tena habari za chujio.

Sasa tuje kwenye kwa nini kwenye minivan chujio hili ni gumu kufikika. Kwenye magari mengi madogo boksi liko juu kabisa: unafungua klipu, unanyanyua kifuniko, unatoa chafu na kuweka jipya. Minivan imeundwa kwa ajili ya abiria, kwa hiyo pua yake ni fupi, kioo cha mbele kimesogea mbele, na mara nyingi injini imekaa kwa kukingama, sehemu yake ikiwa chini ya kioo hicho. Boksi la hewa linapewa nafasi iliyobaki, labda nyuma ya betri au chini ya mabomba, karibu na ukuta unaoitenga injini na kabini. Nyingine hata hazina injini mbele. Toyota Previa, iliyotoka mwaka 1990, injini yake ililazwa karibu kabisa chini ya viti vya mbele, na HiAce nyingi nazo zimeibeba injini hukohuko vitini. Kwa magari hayo, kufungua boneti na kuchungulia hakukusaidii sana.

Kwa hiyo ugumu wenyewe si wa utaalamu. Ni kwamba kifuniko kinanyanyuka kidogo tu kisha kinakwama, upande wa nyuma huuoni, na klipu ya mwisho unaitafuta kwa vidole. Na hapo ndipo watu huharibu. Wanapenyeza mkono, wanalikunja chujio la zamani hadi litoke, kisha wanalisukuma jipya kwa njia ileile. Raba inajikunja pembeni, au meno ya kifuniko upande wa nyuma hayaingii kwenye nafasi zake. Ukitazama kwa juu, kila kitu kimefungwa. Hewa lakini hutafuta njia nyepesi, na itapita kwenye huo upenyo pamoja na vumbi lake. Mimi naona ni afadhali chujio chafu lililokaa vizuri kuliko jipya lililokaa upande.

Dawa yake ni kuondoa kinachozuia badala ya kulazimisha. Zima injini na uiache ipoe. Chomoa waya wa sensa inayopima hewa, ambayo aghalabu iko kwenye kifuniko au mwanzo wa bomba. Bana plagi yenyewe, usivute nyaya. Legeza klempu ya bomba kwa bisibisi, na kifuniko ambacho kilikuwa kimekwama sasa kitasogea. Ikibidi kutoa betri, anza na waya wa hasi. Kabla ya kulitoa chujio, angalia limekaa upande gani, kisha futa vumbi na majani yaliyo chini ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kitambaa wakati unasafisha, kumbuka kukitoa!

Ukiweka jipya, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote wa raba. Ingiza meno ya nyuma kwanza, halafu klipu. Kifuniko kilichokaa sawa hufunga bila kupigwa ngumi. Ukisahau kurudisha waya wa sensa, injini inaweza kuwaka, ila itatetemeka na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi.

Ibadilishwe lini? Fuata kitabu cha gari. Watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 20,000 na 40,000, na mapema zaidi kwa anayepita barabara za vumbi. Kufungua kila wiki ili kukagua hakusaidii, kwa sababu chujio lililotumika kidogo hunasa vumbi vizuri kuliko jipya: vumbi lililokwisha kunaswa linazipunguza tundu za karatasi. Usilioshe la karatasi. Na ukilipuliza kwa kompresa yenye nguvu unaweza kulipasua mahali usipopaona.

Kuhusu kuokoa mafuta, hapo watu huahidiwa mengi. Ilikuwa kweli zaidi enzi za kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani kilichochanganya mafuta na hewa bila kompyuta. Majaribio ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kuwa kwenye injini za petroli za kisasa chujio lililoziba halikubadilisha sana ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchanganya mwendo.

Baada ya kazi, washa injini na usikilize. Ukisikia mfyonzo wa hewa ambao haukuwapo awali, zima, urudi kwenye ile klipu ya nyuma.