Nyota (*) kwenye sheli: nani hasa anayeitanua?

Ukiandika `rm *.log` ili kufuta faili, programu ya `rm` haiioni ile nyota kabisa. Sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, huisoma kwanza, hutazama faili za saraka uliyomo, kisha huondoa `*.log` na kuweka mahali pake majina yanayolingana nayo. Kinachofika kwa `rm` ni, tuseme, `jana.log leo.log`. Huko ndiko kutanua ruwaza (ruwaza ni maandishi yenye nyota, kama `*.log`), na makosa mengi ya nyota hutokana na kusahau kwamba hufanyika kabla amri haijaanza.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, tazama sheli itatoa nini:

`printf '%s\n' *.log`

Kila jina hukaa kwenye mstari wake, hata lenye nafasi ndani yake. `echo` huyamwaga yote kwenye mstari mmoja, usijue jina moja linaishia wapi. Ndani ya skripti, weka `set -x`. Kila amri itaonyeshwa ikiwa imeshatanuliwa.

Pasipo na faili inayolingana, aina za sheli, kama Bash na Zsh, hutofautiana. Bash huiacha ruwaza ilivyo, ndiyo maana `rm` hulalamika kwamba haioni faili iitwayo `*.log`. Zsh hukataa kuendesha amri na kusema `no matches found`. Bash ina `shopt -s nullglob`, inayoifuta ruwaza isiyopata kitu. Inafaa sana kwenye kitanzi cha `for`, lakini usiiache ikiwa imewashwa muda wote: `ls *.log` itabaki `ls` tupu na kuorodhesha saraka nzima.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni hili, la `find`, programu ya kutafuta faili hata ndani ya saraka ndogo:

`find . -name *.txt`

Kama saraka uliyomo haina faili ya `.txt`, Bash hupitisha nyota kama ilivyo na kila kitu huenda sawa. Ikiwepo moja, tuseme `a.txt`, `find` itatafuta jina hilo tu na kuziruka nyingine zote kimyakimya. Zikiwa mbili, inatoa kosa. Amri ileile, matokeo matatu! Funga ruwaza kwa alama za kunukuu: `-name '*.txt'`. Hapo nyota inamfikia `find`, ambaye anajua kuitumia mwenyewe.

Alama hizo hizo huharibu mambo zikikaa pasipofaa. `"$saraka/*.log"` haitanuki. Andika `"$saraka"/*.log`: kigezo `$saraka` ndani ya alama za kunukuu, nyota nje.

Nyota pia haigusi majina yanayoanza na nukta, kama `.env`, mpaka uwashe chaguo la Bash liitwalo `dotglob`. Na faili iliyopewa jina `-rf` itasomwa na `rm *` kama chaguo la amri. `rm ./*` inaondoa hatari hiyo, kwa kuwa kila jina litaanza na `./`.

Ukikutana na `Argument list too long`, sheli imetanua vizuri, ila orodha imezidi kikomo ambacho kiini cha mfumo (kernel) huruhusu wakati wa kuanzisha programu. Tumia:

`find . -maxdepth 1 -type f -name '*.log' -exec rm {} +`

Huita `rm` kwa mafungu yanayoenea. `printf` ya mwanzo haikwami hapo, kwa sababu katika Bash imo ndani ya sheli yenyewe na hakuna programu mpya inayoanzishwa.