Madrasa, bakora na sheria ya mtoto: yanayosemwa na ukweli wake

Eti Sheria ya Mtoto ya 2022 imekuja kufunga madrasa za Kenya. Hapana jamani. Katiba kifungu cha 32 inalinda haki ya kufundisha dini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imezitaja duksi na madrasa kwa jina kabisa, kwa hiyo mtoto asome Juzuu Amma (sehemu ya mwisho ya Qurani) mpaka ahifadhi msahafu wote, hakuna polisi atamgusa ustadhi kwa hilo.

Kinachoguswa ni bakora. Hapa ndo watu wanavurugana, wanasema marufuku ya viboko ni ya shule tu na mzazi akishamkabidhi mwanawe kwa maalim basi keshampa ruhusa. Si kweli. Katiba ya 2010 kifungu cha 29 inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko, haikusema shuleni tu wala haikusema isipokuwa madrasa, sasa mzazi atatoaje ruhusa ambayo hata yeye hana? (Tanzania Bara ni habari nyingine, Sheria yao ya Mtoto ya 2009 bado inaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi, msichanganye.) Ukiona mtoto anaumizwa piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

"Lakini Mtume kasema wapigwe." Hadithi hiyo iko, kaipokea Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, ila isome yote: inaongea na wazazi na inahusu swala, waamrishwe wakiwa na miaka saba, na hilo la kupigwa linakuja kwenye kumi. Mtoto wa miaka mitano aliyechanganya herufi za Kiarabu sini na shini hayumo humo! Na Anas bin Malik kamtumikia Mtume miaka kumi, anasema hakuwahi kuambiwa hata "uff", neno la kuchoshwa na mtu.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu. Haya, Ibn Khaldun, mwanazuoni Mwislamu wa Tunis, karne ya 14 aliandika kwenye kitabu chake Muqaddima kwamba mwanafunzi akifunzwa kwa ukali anakuwa mvivu, anajifunza uongo na hila za kukwepa mkono wa mwalimu. Mzungu wa wapi huyo?

Na hii ya kusema ahifadhi kwanza shule itakuja baadaye, hapo mimi naona tunajidanganya tu, maana elimu ya msingi ni lazima kisheria na madrasa ya jioni na wikendi inaendana nayo vizuri. Mtoto akikosa shule, wa kwanza kuulizwa ni mzazi, sio ustadhi.