Je, wajua kwa nini jalada la kitabu lililokaa juani hugeuka samawati?

Ukipita penye vitabu vya mitumba vilivyopangwa kandokando ya barabara mjini Kisumu au Nakuru, utaona kwamba vile ambavyo vimekaa mbele kwa muda mrefu vimeanza kufanana. Nyuso za watu waliochorwa zimekuwa za kijivu chenye samawati, machweo yamepauka, na majani ya migomba yamekuwa bluu. Wapenzi wa michoro ya zamani huyanunua majalada hayo, huyapiga picha au huyapitisha kwenye skana, kisha huyapandisha mtandaoni jinsi yalivyo. Picha hizo husambaa, na baada ya miaka michache watu huamini kwamba mchoraji alipenda rangi baridi. Hakupenda. Samawati ile ni mabaki ya rangi nne ambazo mbili kati yake zimeliwa na jua.

Ili kuelewa jambo hili, ni vizuri kulitazama jalada kwa kioo cha kukuzia. Picha ya rangi iliyochapwa kiwandani haikupakwa wino laini wa kahawia, kijani au chungwa. Imejengwa kwa vitone vidogo vya wino wa samawati, manjano, nyeusi na ile nyekundu inayoelekea zambarau ambayo wachapishaji huiita majenta. Kila wino hupangwa katika safu zenye pembe yake, kwa kawaida nyuzi 45 kwa nyeusi, 75 kwa majenta, 15 kwa samawati na 0 kwa manjano, ili vitone visigongane na kuharibu picha. Shavu la mtoto mwenye ngozi ya maji ya kunde, likikuzwa mara kumi, ni vitone vingi vya manjano na majenta, samawati kidogo, na nyeusi hapa na pale. Macho yetu ndiyo huyachanganya hayo yote yakawa kahawia yenye uhai.

Tofauti iko katika kemia ya wino wenyewe. Wino mweusi una masizi ya kaboni, ambayo mwanga hauyawezi. Wino wa samawati kwa kawaida hutokana na fthalosianini ya shaba, jamaa wa kemikali iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1928 katika kiwanda cha rangi cha Grangemouth, Scotland, pale chombo kilipopata ufa, kemikali iliyokuwa ndani ikagusa chuma, na vitu vya bluu visivyotarajiwa vikatokea. Rangi ya aina hiyo ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1930. Molekuli yake ni pete kubwa iliyoshikana imara, yenye atomu ya shaba katikati, na katika kipimo cha uthabiti wa rangi mbele ya mwanga, kinachoanzia 1 hadi 8, hufika 7 au hata 8. Majenta na manjano za kawaida za uchapishaji ni za ukoo mwingine: rangi yake hutegemea muungo wa atomu mbili za nitrojeni, na mwanga wenye nguvu, hasa miale ya urujuanimno ukisaidiwa na oksijeni na unyevu, huuvunja muungo huo. Ukivunjika, rangi hupotea. Sehemu zenye wino mwembamba, kama mashavu na mawingu ya jioni, ndizo hutangulia kufa, huku sehemu nzito za nyekundu zikichelewa.

Jua la kwetu nalo halina huruma. Kisumu na Nakuru ziko karibu sana na ikweta, kwa hiyo hakuna msimu ambao jua hulegea kwa miezi kadhaa kama linavyolegea Ulaya. Isitoshe, Nakuru iko katika mwinuko wa takriban mita 1,850, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Kuweka kitabu nyuma ya kioo cha dirisha hupunguza kasi tu, kwa kuwa mwanga wa kawaida unaopita nao hufifisha.

Hii pia ndiyo sababu michoro ya karne ya 19 mara nyingi huonekana thabiti kuliko majalada ya miaka ya 1970. Vitabu vingi vya karne hiyo vilikuwa na michoro ya wino mweusi tu, na Maktaba ya Uingereza ilipoweka zaidi ya picha milioni moja kutoka vitabu vya karne ya 17 hadi ya 19 mtandaoni mwezi Desemba 2013, bila kudai malipo, nyingi zilikuwa za aina hiyo. Kaboni haikuwa na cha kupoteza.

Rangi ya kweli hutafutwa pale ambapo mwanga haukufika. Kitabu kilichobanwa katika rafu hufifia mgongo, lakini jalada la mbele hubaki. Kilichoanikwa mezani huwa kinyume chake. Kibandiko cha bei kikibanduliwa taratibu huacha mraba wa nyekundu ileile iliyotoka kiwandani, na karibu nao utaona kijivu. Mahali pazuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni kitabu cha shule kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki siku ya kwanza ya muhula na hakijawahi kufunuliwa tena. Chini ya kaki iliyochanika pembeni, yenye jina la mwanafunzi na darasa lake, mara nyingine kuna rangi ya chungwa iliyokolea kiasi kwamba utashangaa ni toleo lilelile uliloliona limepauka sokoni Kibuye.

Kwa anayesambaza picha mtandaoni, hili lina maana ya kazi. Skana ikiwekwa nukta 600 kwa inchi, vitone vya uchapaji huonekana vizuri. Ikiwekwa chini ya hapo, hukutana vibaya na safu za vitone 133 au 150 kwa inchi ambazo majalada mengi hutumia, na mawimbi ya ajabu hutokea juu ya picha. Programu za kurekebisha rangi nazo zina kikomo: huongeza nyekundu kila mahali, lakini palipopotea vitone vya majenta kabisa hakuna cha kuongezwa, na matokeo ni ukungu wa kahawia juu ya picha nzima. Ni bora kulinganisha na kipande kilichohifadhiwa rangi, hata kama ni mraba wa kibandiko, na kurekebisha kwa kipimo hicho.

Faili la kwanza, lisiloguswa, lihifadhiwe daima kando ya lililorekebishwa. Chini ya picha iliyorekebishwa iandikwe wazi kwamba rangi zimerejeshwa na zilirejeshwa kwa kulinganisha na nini. Na mwaka wa chapa usomwe katika ukurasa wa haki miliki, kwa kuwa jalada moja linaweza kuchapwa upya kwa wino mwingine miaka kumi baadaye. Jina la mchoraji, likipatikana humo au kwenye pembe ya mchoro, litangulie yote hayo. Wachoraji wengi wa vitabu vyetu vya shule hawakuwahi kutajwa kwenye jalada, na wengine wanajulikana leo kwa saini ndogo tu iliyo chini ya mguu wa ng'ombe au ukingoni mwa jani la mgomba, mahali ambapo skana ya haraka hukata.